Jukwaa ni Sehemu ya Utunzi: Mitandao ya Kijamii na Sanaa ya Pembezoni mwa Dar es Salaam

Utangulizi

Katika miaka ya karibuni yamezuka mabishano makali baina ya wazee, walimu na vijana juu ya mitandao ya kijamii. Wapo wasemao kwamba mitandao hiyo imekuja kuuzika utamaduni wetu, na kwamba kijana mwenye simu mkononi amekwisha kupotea. Wapo pia wasemao kwamba mitandao ndiyo dunia yenyewe, na kwamba kila jambo, liwe la furaha au la msiba, la siri au la hadhara, lafaa kutupwa humo ili lionwe na watu wengi iwezekanavyo. Makundi haya mawili, ingawa hupingana, yana kosa moja. Yote mawili huitazama mitandao kana kwamba ni kitu kimoja, na kana kwamba kazi ya sanaa hubaki vile vile popote pale itakapowekwa.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mambo hayako hivyo. Jukwaa si gunia tupu la kubebea ujumbe. Jukwaa hushiriki katika kuuumba ujumbe wenyewe: huamua nani atausikia, utakuwa na umbo gani, na kesho utakuwa mikononi mwa nani. Kwa hiyo kuchagua jukwaa ni sehemu ya utunzi, kama vile kuchagua vina na mizani kulivyo sehemu ya utunzi wa shairi. Ikiwa hilo ni kweli, basi latokea jambo la pili lililo zito zaidi: haki ya kuchagua jukwaa ni ya mwenye kazi, na anayemchagulia mwenziwe jukwaa bila idhini yake amemnyang'anya kalamu.

Mfano wetu mkuu tutautoa katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, hasa vya upande wa Kinondoni na Temeke. Katika Sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Kati yao 1,346,674 walikuwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Huku ndiko iliko mitaa ya Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, pamoja na Manzese na Mburahati zilizokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya Ubungo kumegwa na kuwa wilaya ya peke yake. Ni mitaa ambayo wahakiki wetu wameitembelea mara chache mno, ilhali sanaa iliyozaliwa humo imevuka mipaka ya nchi.

Mapokeo yetu ya kuchagua jukwaa

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba suala hili limeletwa na simu. Wananchi wa pwani walikuwa mabingwa wa kuchagua jukwaa kabla ya umeme kufika majumbani mwao.

Tuichukue kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Na jina ni yale maneno machache yaliyochapwa chini ya mji. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilipoanza kazi Ubungo mwaka 1968, nguo hii ilikuwa imekwisha kuwa lugha kamili ya wanawake wa mwambao kwa miaka mingi. Mwanamke anunuapo kanga hachagui maneno peke yake. Huchagua pia siku ya kuivaa, njia ya kupita na mtu wa kuyasoma maneno hayo. Kanga ile ile iliyo faraja akipewa mfiwa, yaweza kuwa mkuki ikivaliwa mbele ya mlango wa jirani mliyekosana naye. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni jukwaa. Tena mvaaji hubaki na uhuru wake: akipenda huikunja kanga yake akaitia sandukuni, na ujumbe ukakoma.

Mfano wa pili ni wa taifa zima. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Waliofuata mafunzo hayo walikuwa watu wazima wapatao milioni mbili. Wapangaji wa kampeni hiyo wangeweza kuridhika na matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake, maana redio ilifika mbali. Hawakuridhika. Waliunda vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake, wakachapa vijitabu, kisha wakaagiza kwamba baada ya kusikiliza na kujadili, wanakikundi watoke wakafanye kazi, kama vile kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio ilipewa kazi ya kufikisha sauti, kijitabu kikapewa kazi ya kutunza maelezo, na kikundi kikapewa kazi ya kubadili fikira kuwa vitendo. Kila jukwaa lilipewa lile liliweza. Hakuna aliyeitaka redio ichimbe choo.

Mfano wa tatu ni ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, alitambua kwamba shairi la kusomwa kimya haliwezi kufika kwa mkulima asiyejua kusoma, wala kumkalisha mwanafunzi akasikiliza siasa kwa furaha. Basi akaendeleza utungo wa kujibizana, wenye watu wanaosimama mbele za watu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zikaenea mashuleni kote. Hapa tena mtunzi aliitazama hadhira kwanza, akachagua jukwaa, na umbo la utungo likafuata.

Vipimo vitatu

Kutokana na mapokeo hayo twaweza kupata vipimo vitatu vya kulipima jukwaa lolote, liwe la zamani au la leo.

Kipimo cha kwanza ni hadhira: ni nani atakayepokea kazi hii, na je, ndiye yule aliyekusudiwa? Wingi wa watazamaji si jibu la swali hili. Shangazi mmoja aliyekusudiwa ana thamani kuliko wapita njia elfu.

Kipimo cha pili ni umbo: je, jukwaa hili litaipokea kazi nzima, au litaikata? Na likiikata, kitakachobaki kitakuwa bado ni kazi ile ile?

Kipimo cha tatu ni hifadhi na umiliki: kesho, mwakani, na baada ya miaka thelathini, kazi hii itakuwa wapi, nayo itakuwa chini ya amri ya nani? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sanaa nayo ni mali.

Tuvishike vipimo hivi, kisha tuingie mitaani.

Singeli na majukwaa yake

Singeli ni muziki wa mapigo ya haraka mno, mara nyingi zaidi ya 200 kwa dakika, ambao juu yake mghani hutoa maneno kwa kasi inayomtaka msikilizaji awe macho. Mizizi yake imo katika mchiriku na ngoma nyingine za pwani, na pia katika taarabu, ambayo vipande vyake mara nyingi huchukuliwa na kuharakishwa kwa kompyuta. Mchiriku wenyewe ulikuwa muziki wa vinanda vidogo vya umeme na ngoma, ukasambazwa kwa kanda za kaseti na kuchezwa mitaani usiku kucha. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala ni mfano wake mashuhuri.

Jukwaa la kwanza la singeli ni kigodoro, yaani ile sherehe ya mtaani ya usiku inayoandamana na harusi, unyago au shughuli nyingine ya nyumbani. Tukilipima jukwaa hili kwa vipimo vyetu, twaona kwamba kwa kipimo cha hadhira limefaulu sana. Mghani anawajua walio mbele yake. Anamtaja mwenye shughuli, anawatania vijana wa kijiweni, anapandisha na kushusha maneno kadiri anavyowaona watu wanavyochemka. Hadhira si watazamaji tu. Ni washiriki, nao hujibu, hucheza na humkosoa fanani papo hapo. Kwa kipimo cha umbo pia kigodoro kimefaulu, maana hakuna saa inayomkata mghani. Lakini kwa kipimo cha hifadhi kimeshindwa: kulipokucha, kila kitu kilikuwa kimekwenda na umande. Aidha, jirani mwenye mgonjwa au mwanafunzi mwenye mtihani hakuulizwa kama alitaka kuwa hadhira. Ndiyo sababu viongozi wamezikemea sherehe hizi mara nyingi, na pengine kuzipiga marufuku. Mhakiki mwadilifu hana budi kuyataja yote mawili.

Jukwaa la pili lilikuwa simu yenyewe, kabla haijawa mlango wa mitandao. Vijana walirushiana nyimbo kwa bluetuthi, na mafundi wa vibandani wakawaingizia wateja nyimbo katika kadi za kumbukumbu kwa malipo madogo. Wengi hulidharau jukwaa hili, lakini sisi tunaliona kuwa lilichaguliwa kwa akili. Halikutaka bando. Liliufuata uchumi wa mtaa: wimbo ulinunuliwa mara moja, ukasikilizwa mara mia, ukaingia katika daladala na bodaboda, ukatoka Tandale hadi Mbagala bila kupita katika ofisi yoyote. Upungufu wake ulikuwa jina. Wimbo ulisafiri, mtunzi akabaki nyuma, na mara nyingi hata fundi wa muziki hakujulikana alikuwa nani.

Jukwaa la tatu lilikuwa redio. Kituo cha EFM, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2014, kiliupa muziki huu nafasi ambayo vituo vingine viliunyima. Ilipofika mwaka 2016, majina ya kina Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba yalikuwa yanasikika mbali na mitaa ya Dar es Salaam. Redio ilileta jina na heshima. Lakini redio pia ilikata: wimbo ukawa wa dakika chache, maneno makali yakapunguzwa, na yale mazungumzo baina ya fanani na hadhira yakaondoka. Hatusemi kwamba jambo hilo ni baya. Redio huingia nyumbani ambamo baba, mama na mtoto husikiliza pamoja, na mtunzi mwenye adabu huipima hadhira yake. Tunalosema ni kwamba singeli ya redioni na singeli ya kigodoroni ni tungo mbili, si moja.

Ndipo ikaja mitandao. Na hapa yafaa tutaje jambo moja la kututia haya. Mwaka 2017 mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wa kazi zilizotengenezwa katika studio ya Sisso ya Mburahati, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes. Lebo hiyo haiko Dar es Salaam, iko Kampala. Kwa njia hiyo wasikilizaji wa Ulaya wakaipata singeli ikiwa imepangwa vizuri, ina majina ya watengenezaji wake na mwaka wake. Tunawashukuru ndugu zetu wa Uganda kwa kazi nzuri. Lakini yatupasa tujiulize kwa nini majirani ndio waliotukumbusha kuweka daftari la mali yetu.

Mitandao haifanani

Sasa tuitazame mitandao yenyewe, mmoja mmoja, kwa vipimo vyetu.

WhatsApp ni baraza. Kundi la WhatsApp lina mlango, lina mwenyeji na lina kikomo. Tangu mwaka 2022 kundi moja limeweza kuwa na watu hadi 1,024. Kwa hiyo jukwaa hili lafaa kwa mambo ya watu wanaojuana: kamati ya harusi, taarifa ya msiba, upatu wa kina mama, wazazi wa darasa moja. Sauti za kurekodi ambazo watu hutumiana humo zimerudisha hadhi ya masimulizi. Bibi asiyeandika sasa aweza kumsimulia mjukuu wake aliye mbali hadithi nzima. Lakini baraza hili lina ugonjwa wa kupokezana. Shairi au onyo hutoka kundi hadi kundi, na kila likivuka hupoteza kitu: kwanza jina la mtunzi, kisha tarehe, mwisho ukweli wenyewe. Mwaka 2019 wenye mtandao huo walilazimika kuweka mpaka, kwamba ujumbe usirushwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Atakaye kutangaza utungo wake humo na autie jina lake ndani ya utungo, kama washairi wa zamani walivyofanya katika beti zao za mwisho.

TikTok ni njia panda. Wapitao ni wengi, na hakuna anayesimama. Video zake za mwanzo zilikuwa za sekunde 15, zikaongezwa hadi dakika 1, mwaka 2021 dakika 3, na mwaka 2022 dakika 10. Hata hivyo desturi ya watazamaji wake imebaki kuwa ya haraka. Jukwaa hili lafaa kwa hatua moja ya ngoma, kwa kijembe, kwa kitendawili. Lafaa pia kwa mwito, yaani kumwita mtu aende akaitafute kazi nzima mahali pengine. Haliwafai wale wenye hoja ya kujenga jiwe juu ya jiwe. Mwenye kulipeleka huko jambo la namna hiyo atalazimika kulikata, na hoja iliyokatwa kichwa haina tofauti na uongo.

Instagram ni kioo cha dukani. Fundi cherehani wa Kinondoni na muuza nguo wa Tandika wameuelewa mtandao huu kuliko wasomi wengi: wanaweka picha safi, bei na mahali pa kuwapata. Lakini mshairi anayeliweka shairi lake la beti kumi na mbili chini ya picha yake mwenyewe asishangae watu wakiisifu suti na kuliacha shairi.

YouTube ni ghala lenye madirisha. Hupokea kazi ndefu, huiweka kwa jina na tarehe, na anayeitafuta baada ya miaka mitano aweza kuipata. Kwa igizo zima, mahojiano na mzee wa mtaa, au onyesho la ngoma tangu mwanzo hadi mwisho, hili ndilo jukwaa lifaalo zaidi miongoni mwa haya. Lakini lina gharama mbili. Kwanza, video ndefu hula bando, na hadhira ya Mbagala ina haki ya kufikiriwa kabla ya hadhira ya ng'ambo. Pili, atakayeendesha kituo cha habari humo anapaswa kuijua sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka waendeshaji wa blogu na televisheni za mtandaoni kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kanuni hizo zimekuwa zikirekebishwa tangu hapo.

Msomaji ataona kwamba hatukusema mtandao upi ni bora. Swali hilo halina jibu. Kuuliza mtandao upi ni bora ni sawa na kuuliza kama nyundo ni bora kuliko msumeno. Fundi huuliza kwanza anajenga nini.

Kipande na kazi nzima

Tukirudi kwenye singeli, twaona sasa kosa ambalo wasanii na wakosoaji wao wanalishiriki.

Wasanii wengine, wakiona kwamba kipande cha sekunde 20 kimependwa na watu laki moja, hurudi studio na kutunga wimbo ambao ni kipande hicho tu, kimerudiwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ufundi wa mghani wa kigodoro, ule wa kuisoma hadhira na kuichukua hatua kwa hatua hadi alfajiri, hauna nafasi katika hesabu ya namna hiyo. Kijana anayeanza leo aweza kukua bila kuujua kabisa. Jukwaa ambalo halikuwazaa limeanza kuwalea, nalo linawalea kwa sura yake.

Wakosoaji nao huona kipande hicho hicho, chenye kiuno kimoja na neno moja la matusi, wakatoa hukumu kwamba singeli yote ni uhuni. Hawakusikia mistari iliyotangulia, ambamo huenda mghani alizungumzia kodi ya chumba, ukosefu wa kazi au rafiki msaliti. Mhakiki anayehukumu kazi kwa kipande alichokiona njia panda hana tofauti na mwanafunzi anayejibu mtihani wa riwaya kwa kusoma jalada.

Lakini liko jambo lililo zito kuliko hayo, nalo linawahusu moja kwa moja vijana wa shule. Msichana anayecheza katika shughuli ya dada yake, mbele ya mashangazi na majirani, amechagua jukwaa lake. Katika unyago na harusi za pwani zimekuwapo daima ngoma za ndani, ambazo mipaka yake ilijulikana: nani aingie, nani asiingie, lipi litoke nje na lipi lisitoke. Ngoma hizo hazikuwa uhuni, kwa kuwa zilikuwa mahali pake. Mtu asimamapo na simu, akamrekodi msichana huyo, akamtupa TikTok, amefanya jambo kubwa kuliko kupiga picha. Ameung'oa utungo kutoka kwenye hadhira yake na kuupeleka kwa hadhira isiyoulewa wala kuuheshimu. Msichana hakubadilika, hatua zake hazikubadilika. Jukwaa ndilo lililobadilishwa, na kwa kubadilishwa kwake maana yote imegeuka. Mvaaji wa kanga aweza kuikunja kanga yake. Huyu hawezi kuikunja video iliyokwisha kuhifadhiwa katika simu za watu asiowajua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, imeweka msingi kwamba taarifa za mtu zina mwenyewe. Lakini sheria haiwezi kukesha katika kila uchochoro wa Tandale na Keko. Kinachotakiwa ni adabu mpya yenye mizizi ya zamani: anayeshika simu katika shughuli ya watu ajue kwamba ameshika mlango wa nyumba ya watu.

Jukwaa la kuazima

Kipimo chetu cha tatu kinatupeleka kwenye swali la umiliki. Mitandao yote tuliyoitaja ni mali ya makampuni ya ng'ambo. Sisi ni wapangaji humo, na mpangaji mwenye busara hazikwi dhahabu yake katika sakafu ya nyumba ya kupanga.

Mwaka 2019 mtandao wa MySpace wa Marekani, ambao zamani ulikuwa maskani ya wanamuziki wa dunia, ulikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa humo kwa muda wa miaka 12, tangu 2003 hadi 2015, zilikuwa zimepotea katika kuhamisha mitambo. Mamilioni ya nyimbo yalikwenda hivyo. Hapa nchini nako, mtandao wa X ulizuiwa mwezi Mei 2025. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, huduma ya intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Hatukusudii kuyajadili hapa mambo ya siasa. Twayataja kwa sababu yanathibitisha jambo moja la msingi kwa kila mtunzi: jukwaa la mtandaoni laweza kufungwa na mwenye nalo, au na mwenye mamlaka juu ya njia ya kulifikia, na kazi isiyo na nakala nyingine itafungwa pamoja nalo.

Tulinganishe na zile kanda za Radio Tanzania zilizohifadhiwa katika jengo la Barabara ya Pugu, ambayo leo huitwa Barabara ya Nyerere. Kanda hizo zina vumbi, zina uchakavu, na kuzitunza ni gharama. Lakini ni zetu. Kwa kuwa zilihifadhiwa, sauti za bendi, kwaya na ngoma za miongo iliyopita zimebaki. Nani leo anatunza nyimbo za singeli za mwaka 2010, zile za kadi za kumbukumbu? Kadi nyingi zimepotea au zimeungua, na simu zimeuzwa. Kizazi kizima cha utunzi wa Manzese na Tandale kimo hatarini kutokuwa na ushahidi.

Wajibu wa shule

Walimu watauliza: sisi tufanye nini, ilhali wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni? Jibu letu ni kwamba elimu ya kuchagua jukwaa haihitaji simu. Yahitaji ubao na akili.

Mwalimu na awape wanafunzi tukio moja la mtaa wao, kwa mfano mfereji ulioziba nyuma ya soko. Kundi la kwanza liandike tangazo la sauti kwa wajumbe wa mtaa. La pili litunge kijembe cha maneno sita, kana kwamba ni jina la kanga. La tatu litunge igizo la dakika kumi. La nne liandike barua kwa Halmashauri. Kisha kila kundi lieleze mbele ya darasa: tumemlenga nani, tumeacha nini, na nakala itakaa wapi. Wanafunzi wataona kwa macho yao kwamba maudhui hayo hayo yamezaa fani nne, na kwamba hakuna moja inayoweza kufanya kazi ya nyingine.

Pili, kila shule na iwe na daftari na sanduku la kuhifadhi sanaa ya mtaa wake. Mwanafunzi anayemjua mghani, fundi wa muziki au nyakanga, aende kwake kwa adabu, aombe idhini, aandike jina, mwaka na mahali, na anakili kazi nzima, si kipande. Nakala moja ibaki kwa mwenye kazi na nyingine shuleni. Iwapo mwenyewe ataridhia, ndipo iwekwe mtandaoni. Utaratibu huu ni wa gharama ndogo, na baada ya miaka kumi shule moja ya Temeke yaweza kuwa na hazina ambayo haipo popote pengine duniani.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kanga, redio, ngonjera, kigodoro, kadi ya kumbukumbu na mitandao ya leo ni ndugu wa ukoo mmoja: yote ni majukwaa, na kila moja lina hadhira yake, umbo lake na hifadhi yake. Singeli imetufundisha kwamba kazi yaweza kuhama jukwaa na kunufaika, lakini kila ihamapo hulipa ushuru. Na mtunzi asiyeujua ushuru huo huulipa kwa kupoteza jina, umbo au heshima yake.

Kwa hiyo tusiwafundishe vijana wetu kuiogopa mitandao, wala tusiwafundishe kuisujudia. Tuwafundishe kuuliza, kabla ya kubonyeza, maswali ambayo bibi zao waliyauliza kabla ya kufunga kanga: maneno haya ni ya nani, ni kwa nani, na nikiyatoa leo, je, kesho nitaweza kuyakunja?